Mlango Uliofungwa kwa Nje

Mama Sare alikuwa mshonaji katika karakana ya sare za shule. Jina hilo alipewa na majirani, nalo lilimkaa vizuri, maana hata nyumbani hakuacha kushona. Jioni akirudi, alivua viatu, akabandika sufuria jikoni, kisha akaketi kwenye cherehani yake sebuleni kutia viraka magotini mwa suruali za wanawe. Wanawe walikuwa na magoti yanayokula nguo kama mchwa.

Mumewe alikuwa dereva wa lori. Alionekana zaidi barabarani kuliko nyumbani. Watoto walishinda shuleni. Aliyebaki nyumbani mchana ni Bibi, mama mzazi wa Mama Sare. Bibi alikuwa amepatwa na kiharusi. Upande wake wa kushoto ulilegea, akawa anatembea kwa mkongojo, polepole, na maneno yakawa yanamtoka moja moja. Lakini akili yake ilikuwa timamu, na masikio yake hayakupitwa na kitu.

Mvua zilipoanza, dari ya sebule ikaanza kuvuja. Kwanza lilikuwa doa dogo la rangi ya chai. Kisha doa likatanuka, mbao zikavimba, na siku moja kipande kikaanguka juu ya meza wakati watoto wanakula.

"Leo tumeongezewa mboga," alisema mkubwa. Wote wakacheka, isipokuwa mama yao.

Usiku huo alimpigia simu mumewe.

"Baba Watoto, dari inatuangukia."

"Nimeshapata fundi," mumewe akajibu. "Wanamwita Ngazi. Mrefu huyo, hahitaji kupanda kitu. Alimfanyia kazi dereva mwenzangu, anamsifu sana."

"Wewe unamjua?"

"Simjui, lakini mwenzangu anamjua."

"Kwa hiyo unaniletea mtu usiyemjua aje akae na vitu vyangu mchana kutwa?"

"Basi omba ruhusa kazini, ukae naye."

"Nikiomba ruhusa tena, msimamizi atanipa ruhusa ya kudumu."

Mumewe akacheka. Mama Sare hakucheka. Kule karakana wenzake walikuwa wamemjaza hofu. Mmoja alisimulia fundi aliyeondoka na pasi ndani ya ndoo ya rangi. Mwingine alisimulia fundi aliyeikagua nyumba mchana, wenzake wakaja kuisafisha usiku. Mama Sare aliyasikiliza yote huku mguu wake ukikanyaga cherehani, na kila kisa kikamwingia kama sindano.

Siku ya fundi ilipofika, aliamka mapema kuliko kawaida. Alichukua televisheni akaipeleka chumbani kwa Bibi. Akapeleka pasi. Akapeleka cherehani yake, akaiweka kati ya kitanda na mlango, maana ndiyo nafasi pekee iliyobaki. Akapeleka hata gunia la mchele.

Bibi alikuwa ameketi kitandani akimtazama.

"Naha-ma?" aliuliza.

"Huhami, Mama. Kuna fundi anakuja. Nitakufungia mlango kwa nje, usisumbuliwe."

Bibi alifikiri kidogo. "Na nikitaka... kwenda nje?"

"Nimekuwekea ndoo pale pembeni. Nitarudi mapema."

Bibi aliitazama ile ndoo. Mama Sare hakungoja aseme neno. Alifunga mlango, akazungusha ufunguo, akautia ndani ya mkoba wake.

Ngazi alifika wakati watoto wameshakwenda shule. Kweli alikuwa mrefu. Aliinama mlangoni kuingia, akabeba mfuko wa vifaa begani na ngazi fupi mkononi.

"Hodi wenyewe. Shikamoo, dada."

"Marahaba. Dari ndiyo hiyo."

Fundi aliitazama dari, akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa. "Imeoza, lakini itatengenezeka. Dada, naomba namba yako ya simu, likitokea jambo."

"Ya mume wangu unayo. Inatosha."

"Sawa. Na choo kiko upande gani?"

Mama Sare alisita. Choo kilikuwa mwisho wa korido, karibu na vyumba vya kulala.

"Choo kimeharibika," alisema.

"Sawa. Nyumbani kuna mtu mwingine?"

Akawaza: akijua kuna kikongwe mgonjwa peke yake, si ndiyo nimempa nafasi?

"Hakuna mtu," alisema. "Na hiyo milango mingine haikuhusu."

Fundi alimtazama, kisha akaufungua mfuko wake wa vifaa. "Nimekuelewa, dada."

Kazini mikono yake ilikataa kumtii. Alishona mkono wa kushoto wa shati upande wa kulia. Akaufumua, akaushona tena vilevile. Kila alipofumba macho aliona televisheni yake inapanda mkokoteni. Mwishowe alimwendea msimamizi, akasema mama yake anaumwa. Hakujua kwamba anasema kweli.

Alipofika nyumbani, mlango wa mbele ulikuwa wazi. Sebuleni hapakuwa na mtu. Nusu ya dari ilikuwa imeteremshwa na vumbi limetanda kila mahali. Akaingia kwenye korido.

Mlango wa chumba cha Bibi ulikuwa umevunjwa. Kitasa kilining'inia. Patasi na nyundo zilikuwa sakafuni. Na pale mlangoni, Ngazi alikuwa anatoka akiwa amembeba Bibi mikononi. Gauni la Bibi lilikuwa limepanda hadi magotini. Damu ilimtiririka usoni.

Mama Sare hakuuliza. Alipiga ukelele ambao hakujua anao.

"Mwizi! Mwizi jamani! Anamuua mama yangu!"

Watu walikuja kama waliokuwa wanangoja. Mchomeleaji wa ng'ambo ya barabara alifika na kipande cha chuma mkononi. Vijana wa kuosha magari wakafika. Akina mama wakafika na watoto mgongoni. Walimnyang'anya fundi mgonjwa wake wakamlaza Bibi kwenye kochi. Kisha wakamgeukia fundi.

"Ngojeni! Nisikilizeni!" Ngazi alipaza sauti. Kofi likamziba mdomo. Mtu akamvuta shati likachanika. Alipigishwa magoti uani, na hata akiwa amepiga magoti bado alikuwa mrefu, basi wakamsukuma akalala. Simu zilikuwa juu, zinampiga picha. Mchomeleaji akakiinua kile chuma.

"Shusha hicho!"

Aliyesema alikuwa Mama Misumari, jirani mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale kona. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha malori. Alipita katikati ya watu akasimama juu ya fundi, miguu huku na huku.

"Kaiba nini?" aliuliza.

Mchomeleaji akakishusha chuma.

"Nauliza. Kaiba nini? Kiko wapi?" Akamgeukia Mama Sare. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyepiga ukelele. Umemuuliza mama yako?"

Mama Sare hakuwa amemuuliza. Tangu aingie, hakuwa amesikiliza hata neno moja la mama yake. Sasa, kelele zilipopungua, sauti ya Bibi ilisikika kutoka sebuleni. Kumbe alikuwa anasema muda wote.

"Mwa-cheni. Mwa-cheni. Mwacheni."

Mama Sare aliingia ndani mbio, akapiga magoti kando ya kochi. Watu wakajaa mlangoni.

"Mama, amekufanya nini?"

"Nilianguka," Bibi alisema. Alimeza mate, akatafuta neno linalofuata. "Cherehani... ilinizuia. Nikaanguka. Nikaita. Nikaita sana. Yeye... akasikia."

"Na mlango?"

Bibi alimtazama binti yake usoni.

"Mlango uliufunga... wewe."

Mama Sare alihisi macho ya mtaa mzima mgongoni mwake. Mkoba wake ulikuwa bado begani, na ufunguo ulikuwa ndani ya mkoba. Alitamani watu wote waondoke. Alitamani yeye mwenyewe aondoke. Watu walianza kuondoka kweli, mmoja mmoja, bila kuaga. Mchomeleaji alikificha kile chuma nyuma ya paja lake kama mtoto aliyekutwa akiiba sukari.

Mama Misumari aliwapakia kwenye pikapu ya duka lake akawapeleka zahanati. Bibi alikaa mbele. Mama Sare na fundi walikaa nyuma, katikati ya mabomba na mifuko ya saruji. Fundi alikuwa ameziba mdomo wake kwa kipande cha shati.

Bibi alishonwa jeraha la juu ya jicho. Muuguzi alitoka akawakuta wawili hao kwenye benchi.

"Mfupa haukuvunjika, tumshukuru Mungu," alisema. "Lakini hali yake hairuhusu kulala sakafuni muda mrefu, tena anavuja damu. Nani alimwinua?"

Mama Sare alimwonyesha fundi kwa kidole.

"Umefanya vizuri, kaka," alisema muuguzi. Kisha akauona mdomo wake. "Na wewe nani kakufanya hivyo?"

Ngazi alitazama sakafu. "Nimeanguka," alisema.

Mama Sare alijifunika uso kwa mtandio wake. Kama angetukanwa, angepata nafuu. Muuguzi alipoondoka, alijikaza.

"Kaka yangu, nisamehe. Ilikuwaje?"

Fundi alikiondoa kipande cha shati mdomoni. "Nilisikia sauti. Nikadhani iko nje, kwa sababu uliniambia ndani hakuna mtu. Ikaita tena. Nikaifuata mpaka kwenye ule mlango. Nikampigia mumeo, simu haipatikani. Nikagonga kwa jirani, hayupo. Bibi akasema anatoka damu. Nikamwambia, bibi, kaa mbali na mlango, navunja. Ndivyo ilivyokuwa."

"Nisamehe," alisema tena.

"Dada, wale watu wamenipiga picha. Mimi naishi kwa kuingia majumbani mwa watu. Nani ataniita tena?" Akasimama. "Dari yako tafuta mtu mwingine. Vifaa vyangu nitavifuata nyumbani kwako nikiwa na Mama Misumari. Peke yangu sirudi."

Akatoka, ameinama mlangoni.

Siku iliyofuata Mama Sare hakwenda kazini. Alikaa kando ya kitanda cha mama yake. Televisheni, pasi, cherehani na gunia vilikuwa vimesharudishwa mahali pake, na chumba kilionekana kikubwa.

"Mama, niliogopa asikudhuru."

"Najua." Bibi alivuta pumzi. "Lakini hukuniuliza. Ulifungia vitu... ukanifungia na mimi. Mimi si... pasi."

Mama Sare alilia. Bibi hakumbembeleza. Alimwachia alie mpaka aliponyamaza mwenyewe, kisha akaomba uji.

Mama Misumari alikuja mchana kuwajulia hali. Walikaa sebuleni, chini ya dari iliyobaki nusu.

"Mtaani wananicheka," alisema Mama Sare.

"Wewe watakucheka mwezi huu, kisha watapata mwingine. Yule fundi ndiye wa kuhurumiwa. Picha zake ziko kwenye kundi la mtaa la simu. Wameandika mwizi kakamatwa."

"Sasa dada, mimi nifanye nini? Niamini kila mtu anayebisha hodi?"

"Nani kakwambia hivyo? Kuogopa si kosa. Mimi nauza misumari, nawajua mafundi wote wa hapa, na wapo ambao nisingewaachia hata ndoo tupu. Kosa lako ni kwamba ulitaka kufuli ikufanyie kazi ya kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Ungemwambia mumeo akupe namba ya yule dereva mwenzake. Ungempigia mkewe, maana wanawake ndio wanaoshinda na mafundi. Ungeuliza: alikuja siku mliyokubaliana? Mlimwacha peke yake? Mlikuta nyumba katika hali gani? Ungekwenda hata kuiona kazi yenyewe. Halafu ungemwita fundi siku moja kabla, mkaonana, ukajua jina lake kamili na anakokaa, ukaomba kuona kitambulisho chake. Fundi wa kweli hakasiriki akiulizwa kwa heshima. Anayekasirika, muage salama."

"Na vitu vyangu?"

"Vya thamani weka kabatini, funga, tena mbele yake. Mwambie, fundi, hivi nimevifunga, ili pasiwe na maneno kati yetu. Hata yeye anafurahi, maana amekingwa na lawama. Zungukeni nyumba pamoja kabla hajaanza, na mzunguke tena akimaliza. Mpe namba yako. Mwonyeshe choo, kwani yeye si binadamu?"

Mama Sare aliinamisha kichwa. Kile choo hakikuwa kimeharibika hata siku moja.

"Lakini kitu unaweza kukifungia," Mama Misumari akaendelea. "Mtu hafungiwi. Si mgonjwa, si mtoto. Je, ungetokea moto? Nyaya za dari hizo zilikuwa wazi! Mama yako angetokea wapi?"

"Sikufikiria."

"Na sikwambii umwache mgonjwa peke yake na mtu usiyemjua. Hapo hofu yako ilikuwa ya haki kabisa. Lakini dawa yake ni mtu mzima wa kukaa naye. Ungeniambia mimi, ningemleta dukani kwangu akakaa na kuwacheka wateja. Ukikosa mtu kabisa, kazi isubiri. Dari ilivuja mwezi mzima, ingeshindwa kungoja wiki moja?"

"Na kama ningemkuta kweli anaiba?"

"Unaita majirani wawili watatu wenye akili, mnaita viongozi wa mtaa au polisi. Lakini lile neno ulilolipigia kelele, mdogo wangu, limeua watu wasio na hatia. Jana ningechelewa kidogo kufunga duka, leo tungekuwa msibani."

Usiku kucha Mama Sare alikuwa amewaza aibu yake. Hakuwa amewaza kwamba mtu angeweza kufa.

Jioni ile alichukua simu yake. Alitaka kuandika, akafuta. Akaandika tena, akafuta. Mwishowe alirekodi sauti yake, akaituma kwenye kundi la mtaa: "Mimi ni Mama Sare. Yule fundi wa jana si mwizi. Nilimfungia mama yangu chumbani, akaanguka, na fundi akavunja mlango kumwokoa. Nilipiga kelele bila kuuliza. Kosa ni langu. Naomba mfute picha zake."

Kisha mchomeleaji akaandika: "Na mimi naomba radhi."

Lakini si wote waliokuwa kwenye kundi. Basi kesho yake, baada ya kazi, alikwenda mlango kwa mlango. Wengine walimpokea kwa upole. Wengine walimsikiliza huku wanabana midomo wasicheke. Mama mmoja alimwuliza, "Kumbe mama yako ulimwekea na ndoo?" Mama Sare alijibu, "Ndiyo, nilimwekea." Uso wake uliwaka kama umepigwa pasi, lakini alikwenda nyumba inayofuata. Alipomaliza, alinunua shati jipya la fundi. Hakutosheka nalo. Akayafumua mabega yake na kuyashona tena imara zaidi, akampa Mama Misumari ampelekee.

Shati lilipokelewa. Fundi mwenyewe hakurudi.

Dari ilimaliziwa na fundi mwingine, mwanamke, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Safari hii Mama Sare aliuliza watu waliowahi kumwita, akaenda kuiona kazi yake, akakutana naye kabla. Alimwuliza na Bibi.

"Mama, wewe unamwonaje?"

Bibi alimtazama yule fundi kuanzia kichwani hadi viatuni. "Anaongea... sana," alisema. "Aje tu."

Siku ya kazi, walifunga kabati pamoja, wakazunguka vyumba, wakaonyeshana choo. Binti wa Mama Misumari alikuja kukaa na Bibi. Mlango wa Bibi ulikuwa wazi. Mama Sare alikwenda kazini, akashona mashati yenye mikono mahali pake. Aliporudi alikuta dari nyeupe, sakafu imefagiwa, na Bibi anacheka mpaka machozi kwa hadithi za fundi.

Miezi ikapita. Mtaa ulipata mambo mengine ya kusema. Hata hivyo, Mama Sare akipita mbele ya karakana ya mchomeleaji, wote wawili walikuwa wanaangalia chini.

Siku moja, wakati wa mapumziko ya kazi, simu yake iliita. Namba ilikuwa ngeni. Sauti ilikuwa ya mwanamke.

"Samahani, dada. Wewe ndiye Mama Sare?"

"Ndiye mimi."

"Nina kazi ya dari nyumbani kwangu. Nimepata fundi, mrefu hivi, wanamwita Ngazi. Nilimwomba namba ya mtu aliyemfanyia kazi, nimwulize habari zake. Kanipa yako, anasema aliipata kwa Mama Misumari."

Mama Sare alisimama. Hakujua kwa nini amesimama.

"Kakwambia nini?" aliuliza.

"Kasema tu, mpigie yule, mwambie akueleze yote. Sasa dada yangu, mimi nashinda kazini. Je, huyu ni mtu wa kumwacha nyumbani peke yake?"

Wenzake walikuwa wanazungumza kwa sauti karibu naye, vikombe vya chai mkononi. Angeweza kusema ndiyo, akakata simu. Badala yake alitoka nje, akatafuta mahali tulivu kando ya ukuta.

"Ni mtu wa kumwacha," alisema. "Na nitakwambia ninavyojua. Ni habari ya aibu, na aibu yenyewe ni yangu. Una nafasi ya kunisikiliza?"

"Ninayo."

Mama Sare akavuta pumzi, akaanza na ule mlango.